Tabibu Asiyeruhusiwa Kunitazama

Katika ukoo nilioolewa, kule Bujonde wilayani Kyela, kila mtu ni daktari isipokuwa daktari mwenyewe. Mimba yangu ya pili ilitibiwa na mama mkwe, ikatibiwa na mume, ikatibiwa na muuza dawa wa njia panda na wanawake wawili wa kwaya, na kila mmoja wao alikuwa na uhakika. Mtu pekee aliyesomea kazi hiyo alikuwa amekaa barazani, hatua ishirini kutoka kitandani kwangu, akisikiliza taarifa ya habari. Huyo hakuruhusiwa kunitazama, kwa sababu ni baba mkwe wangu.

Ngoja nieleze, maana mgeni anaweza kudhani tulikuwa tumegombana. Hatukugombana hata siku moja, na tungegombanaje? Kwa mila ya Wanyakyusa, na mimi ni Mnyakyusa ingawa nimekulia Kyela mjini, mke hakutani na baba wa mumewe. Hampi mkono, hamsalimii, hapiti mbele yake, hali chakula machoni pake. Nikisikia anakohoa njiani naingia kwenye migomba na ndoo yangu kichwani, nasubiri apite. Yeye naye akiona upindo wa khanga yangu anageukia ukuta na kuukodolea macho kama umebandikwa tangazo la kazi. Siku hizi wengi wamelegeza. Wapo wakwe wanaoangalia mpira sebule moja na hakuna aliyeota pembe. Ukoo wetu ulikataa kulegeza, kwa sababu ng'ombe walishauzwa, mashamba ya kakao yalishagawanywa, na heshima ndiyo mali pekee iliyobaki ya wote.

Mzee huyu alikuwa tabibu wa serikali mpaka alipostaafu. Alifanya kazi kwenye zahanati za bonde lote, kuanzia Ngonga mpaka ufukweni Matema, na hata leo watu wanamletea watoto wenye homa, anawapima palepale barazani. Wanawake aliowazalisha wengine ni mabibi sasa. Amechungulia koo, masikio na sehemu nyingine za wilaya nzima. Mwili mmoja tu ndio uliokuwa mwiko kwake, nao ulikuwa unalala nyumba ya pili.

Muwasho ulianza mimba ikiwa na miezi saba, mafuriko yalipokuwa yanapungua na visima vimebaki na maji ya rangi ya uji wa ulezi. Ulianzia viganjani, ukaenda kwenye nyayo. Haukuwa na upele wala uvimbe, ngozi ilikuwa safi kabisa, lakini chini yake ni kama kuna sisimizi wanaohama. Usiku ulizidi. Nilijisugua nyayo kwa gunzi la mahindi mpaka zikatoka damu. Mchana nilikuwa kazini. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga baraza ya duka la vitambaa mjini, na wateja walinishangaa mguu mmoja unakanyaga pedali huku mwingine unajikuna kwenye chuma cha cherehani.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa, na sababu hiyo naisema wazi. Miaka miwili kabla ya hapo, mimba ya kwanza, niliwashwa hivihivi, mahali palepale, miezi ileile. Wakasema ni joto. Mimba ilipofika mwezi wa nane mtoto akaacha kucheza, siku ya Jumanne. Alizaliwa Alhamisi, amekamilika kila kitu, kucha, nyusi, vidole, isipokuwa hakulia. Wanawake walimzika nyuma ya migomba, wakaniambia nisimlilie sana nisije nikafunga kizazi. Kwa hiyo muwasho uliporudi nilimwambia kila mwenye masikio kwamba huu na ule ni mmoja, na mtoto huyu namtaka akiwa hai. Wote walinisikiliza kwa upole mwingi, kisha kila mtu akanipa dawa yake.

Mama mkwe alisema ni nywele. Mtoto akiwa na nywele nyingi tumboni, mama huwashwa. Nikamuuliza mbona nywele ziko tumboni na muwasho uko kwenye nyayo. Akasema basi ana nywele ndefu. Alinunua chungu kipya gulioni Lyulilo, cha Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, akachemsha majani ambayo hadi leo hataki kunitajia, nikayanywa wiki nzima. Chungu kilikuwa kizuri sana.

Mume wangu yeye alisema kunguni. Alitoa godoro nje, akalianika, akalipiga kwa mti mbele ya majirani, akalipulizia dawa ya mikorosho aliyopewa na rafiki yake, ingawa kwetu hakuna mkorosho hata wa kusingiziwa. Tulilala kwenye mkeka siku tatu tukikohoa. Hakupatikana kunguni hata mmoja, na yeye akalichukulia hilo kuwa uthibitisho kwamba dawa imefanya kazi.

Wanawake wa kwaya walisema kuna mtu hapendi nizae. Muuza dawa akasema ni mzio, akanipa vidonge vilivyonilaza juu ya cherehani mpaka nikashona mfuko wa suruali ukafungwa pande zote nne. Nilipokwenda kliniki, nesi alinipima mkojo, akasema UTI. Hapo nilicheka kwa sauti, Mungu anisamehe. Nchi hii ukiumwa goti ni UTI, ukiota ndoto mbaya ni UTI na taifodi. Alinipa vidonge na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Nikamwonyesha nyayo. Akasema nipake mafuta.

Nilitaka kwenda hospitali ya wilaya. Mume wangu alikunja uso. Alisema nyumba yenye tabibu haiendi hospitali bila kauli ya tabibu; ni sawa na kumvua baba koti lake jeupe mbele ya watu. Nikamwambia basi baba atoe kauli. Ndipo ukaandaliwa uchunguzi wa kitabibu ambao sidhani kama umewahi kufundishwa chuo chochote.

Baba mkwe alikaa barazani kwenye kiti chake. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya ukuta huohuo, kiasi kwamba nikinyoosha mkono kupitia dirishani ningemgusa bega. Mama mkwe alisimama mlangoni, katikati yetu, kama mkalimani wa mkutano mkubwa. Yeye tu ndiye aliyeruhusiwa kusikia pande zote mbili.

"Mwambie ni viganja na nyayo," nilimnong'oneza. "Mwambie hakuna upele. Mwambie mkojo ni kama chai ya rangi, na choo ni cheupe kama majivu."

Mama mkwe alinitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo gulioni. Akatoka.

"Anasema anajikuna," akamwambia mumewe.

"Anajikuna wapi?"

"Mwilini."

"Mwilini wapi?"

"Mzee, mwili ni mwili."

Tabibu akageuza swali. "Na haja? Haja ndogo ina rangi gani?"

"Anapata vizuri, anamshukuru Mungu."

"Nimeuliza rangi, juba." Juba kwetu ni mama.

"Rangi ya kawaida ya watu!" akasema kwa ukali, na hapo nikajua kesi yangu imefungwa. Mama mkwe hakuwa mwongo. Ni mwanamke mwenye adabu zake, na katika adabu zake, mkojo wa mke wa mwanawe hauwezi kufikishwa kwenye masikio ya baba mkwe, hata uwe na rangi ya wino. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayefichiwa maradhi na mama mkwe.

Tabibu aliuliza rangi tena, mara ya tatu, jambo lililonishangaza, maana hakuwa mtu wa kurudia swali. Akajibiwa vilevile. Mwishowe, kwa ushahidi alioletewa, akatoa hukumu: upele wa kuambukizana, hatua za mwanzo. Na kwa kuwa alikuwa tabibu wa shule ya zamani, akaagiza nyumba nzima itibiwe kwa pamoja. Mashuka yalichemshwa. Dawa ile nyeupe ya kupaka ikaletwa chupa sita. Tulijipaka wote, kuanzia shingoni mpaka vidoleni: mimi, mume wangu, mama mkwe, na baba mkwe mwenyewe, ambaye hakuweza kuvunja agizo lake. Kwa siku tatu ukoo wenye heshima kuliko wote Bujonde ulinuka kama bohari, na kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi ya kutosha. Muwasho wangu haukusogea hata kidole kimoja.

Aliyeniamsha hakuwa daktari, ni muuza vitambaa. Mwenye duka ninakoshonea ni mzee wa Kiislamu, babu zake walitoka Pwani, na amezeeka kati ya majora ya nguo. Asubuhi moja nilikuwa nimeinamia kitambaa cha sare ya shule, nikainua uso kumwitikia. Akaacha alichokuwa anasema. Akachukua kipande cha bafta nyeupe, akakisogeza karibu na jicho langu, akakitazama, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "mimi nyeupe naijua. Na nyeupe iliyoanza kugeuka naijua zaidi, maana ndiyo inayonitia hasara. Jicho lako limegeuka."

Nilikwenda kwenye kioo cha wateja. Nilijitazama muda mrefu. Kisha nilikaa chini, nikaweka mkono tumboni nikasubiri mtoto acheze. Alichelewa. Alipocheza, kidogo tu, nililia mbele ya wateja, na sikuona haya. Nilifunga cherehani, nikapanda bodaboda kurudi Bujonde, na njia nzima nilikuwa na hasira ambayo sikumbuki kuwa nayo tena maishani. Sikuwa na hasira na mtu mmoja. Nilikuwa na hasira na adabu yote ya bonde lile.

Baba mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, anageuza kakao kwenye kichanja cha kukaushia. Sikukohoa. Sikuingia kwenye migomba. Nilinyoosha moja kwa moja.

Aliponiona alifanya anavyofanya siku zote, akatafuta ukuta. Ukuta ulikuwa mbali. Akaacha reki, akaanza kuondoka upesi kuelekea shambani, na mimi nikamfuata. Sijui nani aliyeanza kukimbia. Najua tu kwamba mzee mwenye nywele nyeupe alikuwa anakata kona kati ya mikakao, mkono mmoja umeshika kofia, na mimi na tumbo langu la miezi minane nyuma yake, ndala moja imebaki njiani. Mama mkwe alitoka jikoni akapiga yowe. Jirani alisimama na jembe lake juu, akasahau kulishusha.

Alinaswa na waya wa uzio. Akasimama, uso kwenye mti wa kakao, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayesubiri sindano.

"Mugonile, tata," nikamwamkia, yaani shikamoo, baba. Ilikuwa salamu ya kwanza niliyowahi kumpa, mwaka wa tano wa ndoa.

Alikuwa anahema. Nami nilikuwa nahema.

"Ni viganja na nyayo," nikamwambia. "Hakuna upele. Usiku ndipo unazidi. Mkojo ni chai ya rangi. Choo ni cheupe. Mimba ya kwanza ilikuwa hivihivi. Leo mtoto anacheza kwa kuchelewa. Sasa nifukuze, lakini umesikia."

Nilimwona tabibu anaamka ndani ya baba mkwe. Mabega yalishuka. Macho bado amefumba, akauliza kwa sauti ya kazini, "Tangu lini?" Nikamjibu. "Kichefuchefu? Homa? Maumivu chini ya mbavu za kulia?" Nikamjibu. Akageuka, akafumbua macho, akanyoosha mkono, akavuta chini kope la jicho langu. Alitazama jicho moja, akatazama la pili.

"Leteni bajaji," akasema kwa sauti kubwa. "Sasa hivi."

Wakati bajaji inatafutwa aliandika barua ya rufaa, mwandiko wake wa zamani umelalia kulia, akaandika kila kitu nilichosema, mkojo na choo vikiwemo. Tulikwenda hospitali ya wilaya pamoja. Alijibanza mbele na dereva. Mama mkwe alikaa nyuma nami, amejifunika khanga uso mzima, anaomboleza kana kwamba tunamsindikiza marehemu.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wa baba mkwe. Aliisoma barua mara mbili, akamwamkia tena upya. Akanieleza kwa lugha nyepesi: nyongo yangu, badala ya kushuka kutoka kwenye ini, inarudi kwenye damu, na hiyo ndiyo inayowasha. Mama huteseka tu, lakini mtoto anaweza kufa ghafla wiki za mwisho. Nilimuuliza kisa ni nini. Akasema wakati mwingine mimba yenyewe inatosha, hasa kama ipo kwenye damu ya familia. Wakati mwingine kuna ugonjwa wa kuambukiza unaochangia, virusi vya homa ya ini, au hata maambukizi ya kwenye mkojo, na kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana nani anamsukuma nani. Akaniuliza maji ya kunywa tunayatoa wapi baada ya mafuriko. Akatoa damu ya kupima.

Maneno "homa ya ini" yalifika Bujonde kabla damu haijafika maabara. Mume wangu aliniletea hospitalini kikombe changu cha nyumbani, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio kisichanganyike na vya wengine. Sahani yangu ilikuwa na uzi. Kijiko kilikuwa na uzi. Watu walewale waliokunywa maji ya kisima kilichopitiwa na mafuriko, bila kuchemsha, kwa kata moja, walikuwa sasa wanakiogopa kijiko changu. Majibu yaliporudi, homa ya ini haikuonekana. Kilichoonekana ni maambukizi ya mkojo, makubwa, ambayo vidonge vya kwanza havikuyamaliza. Kwa hiyo katika nchi ambayo kila kitu ni UTI, mimi nilikuwa na UTI kweli, na yule nesi niliyemcheka nilikwenda baadaye kumwomba radhi. Alinisamehe, akanipa tarehe ya kurudi.

Walinilaza, wakanitibu mkojo, wakanipa dawa ya nyongo iliyotoka Mbeya, wakamsikiliza mtoto asubuhi, mchana na jioni. Wiki zilipotosha hawakusubiri zaidi, walinianzishia uchungu. Mtoto alitoka akiwa mdogo, mwekundu, amekunja ngumi, na alilia. Alilia mpaka mkunga akasema inatosha. Nikamwambia mwache.

Wakati huo nyumbani kikao cha ukoo kilikuwa kimeketi. Mume wangu alinisimulia. Wazee walijadili mchana kutwa kama kosa ni la mwanamke aliyemfuata mkwe au la mkwe aliyegeuka, na kama kuvuta kope kunahesabiwa ni kugusa mwili au ni kugusa jicho tu. Mmoja alipendekeza kwamba kwa kuwa sehemu ya mazungumzo macho yalikuwa yamefumbwa, faini ipunguzwe nusu. Mwishowe wakaamua jogoo, na jogoo akaliwa palepale na mahakimu. Baba mkwe hakujitetea hata kwa neno moja. Alikula shingo, akaondoka.

Siku ya tatu alikuja wodini saa ya kutazama wagonjwa. Mama mkwe alikuwa ametoka kufua. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi usoni kama mtu anayejifunza.

"Ndaga, tata," nikamshukuru. "Umeniokolea mtoto."

Alitikisa kichwa.

"Yule wa kwanza," akasema, "mama mkwe wako aliniambia unajikuna. Nikamwambia ni joto."

Mimi nilikuwa na jibu la kejeli kwa kila mtu wa Bujonde, na mengine nilikuwa nimeyatunza kwa ajili yake. Sikulitoa hata moja. Nilitafuta neno la kumpunguzia.

"Usingeweza kujua, tata. Hukuwahi kuniona."

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa unakwenda kisimani asubuhi, mimi niko dirishani. Nyayo zimechubuka, weupe wa macho umeingia njano. Niliujua ugonjwa kabla hujafika kwenye migomba. Kisha nikakumbuka wewe ni mke wa nani, nikafunga dirisha."